Kiti cha Pili

Kila mwaka, ninapofika kwenye mada ya makabidhiano ya madaraka, wanafunzi wangu huwa na mifano tayari. Watanitajia Kenya ya 2007, Côte d'Ivoire ya 2010, Gambia ya 2016, na mwaka 2021 waliongeza Marekani, pale umati ulipovamia jengo la Bunge mjini Washington mwezi wa Januari. Mfano ulio ng'ambo ya mkondo, kilomita zisizofika mia moja kutoka kwenye ukumbi wetu wa mihadhara, huja mwisho kabisa, na mara nyingi huletwa kwa sauti ya chini na mwanafunzi aliyezaliwa huko. "Na Zanzibar je, mwalimu?" Wenzake hugeuka kumtazama, kana kwamba ametaja maradhi ya mtu wa nyumbani mbele ya wageni.

Mimi ni mtu wa huko. Baba yangu alikuwa mtu wa Wete, Pemba. Mama yangu ni wa Mkoa wa Kaskazini, Unguja. Kwa hiyo nimekulia katika jambo hili kabla sijalisomea, na nikilifundisha hujikuta nikibishana na msamiati wake. Chukua neno mpasuko. Rais Jakaya Kikwete, alipolihutubia Bunge mwishoni mwa 2005, aliutaja waziwazi mpasuko wa kisiasa wa Zanzibar kuwa jambo linalomsikitisha, na tangu hapo neno hilo likawa ndilo jina rasmi la mambo yetu. Ni neno lenye adabu mno. Chungu hupasuka; ukuta hupasuka kwa jua na mvua. Kitenzi hakimdai mtendaji. Ukisema kisiwa kimepasuka, umekwishajiepusha na swali la nani alikipasua, kwa chombo gani, na siku gani.

Siku ninaweza kuitaja. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya Mapinduzi ulifanyika Oktoba 1995, nami nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar ilimtangaza Dk. Salmin Amour wa CCM kuwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya asilimia 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Tofauti ilikuwa kura 1,565. CUF ilikuwa imechukua viti vyote 21 vya Pemba; ikayakataa matokeo ya urais, na wawakilishi wake wakalisusia Baraza kwa miaka kadhaa.

Hayo yamo vitabuni. Yasiyomo ni namna yalivyoteremka mpaka kwenye maisha ya watu. Kijijini kwetu kulikuwa na maduka mawili. Mpaka siku ya kupiga kura, mtu alinunua sukari kwenye duka lililo karibu na kwake. Baada ya miezi michache sukari ikawa na chama. Gari za abiria zikawa na chama. Watu waliosali msikiti mmoja wakagawana misikiti, na mwaliko wa harusi ukaanza kusomwa kama tamko. Bibi yangu mzaa baba alifariki 1996. Mchimba kaburi wa kijiji, mzee aliyewachimbia makaburi babu zangu wawili, alikuwa mwanachama wa CCM asiyejificha. Alikuja na jembe lake begani. Vijana waliokuwa wamekwishaanza kazi hawakumfukuza. Waliendelea kuchimba tu, na hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Mzee alisimama mpaka mwanandani ukakamilika, akaliegemeza jembe kwenye mnazi, akabaki nyuma ya watu mpaka talakini iliposomwa, kisha akaondoka akiliacha jembe palepale. Baba aliyaona yote. Jioni, watu walipotawanyika, alilichukua lile jembe akalirudisha kwa mwenyewe. Sikuambiwa walizungumza nini, na baba hakuishi muda mrefu wa kutosha nimuulize.

Nimesoma maandishi mengi ya taaluma yangu kuhusu visiwa vyetu, na mengi huanza na Uarabu na Uafrika, Unguja na Pemba, Hizbu na Afro-Shirazi, na yote yaliyotangulia na kufuatia Mapinduzi ya Januari 1964. Sikatai. Lakini historia hiyo ilikuwepo yote mwaka 1994, na mwaka 1994 mzee yule alikuwa akichimba makaburi yetu. Kilichoongezeka katikati ni hesabu ambayo hakuna mwanakijiji aliyekuwa na njia ya kuikagua. Mtu asiyeweza kujua kura yake ilikofika atalitafuta jibu kwa aliye karibu naye. Hawezi kumfikia Mwenyekiti wa Tume. Anamfikia mwenye duka.

Na aliye karibu kuliko wote ni sheha. Kwa msomaji wa Bara asiyemjua, sheha ni kiongozi wa serikali wa ngazi ya chini kabisa, mteule wala si mchaguliwa, mwenye dhamana ya kuwajua wakaazi wa shehia yake. Sheria ya uchaguzi ilimtaka mpiga kura awe ameishi jimboni miezi 36, na mtu wa kuthibitisha ukaazi huo alikuwa ni sheha. Vilipokuja vitambulisho vya Mzanzibari mkaazi, njia ya kuvipata nayo ilipitia kwake. Sheha ni jirani. Pengine alisoma chuoni na baba yako, akahitimu Kurani naye mwaka mmoja. Siku ya uandikishaji, jirani huyo akisema hakutambui, hatujambo tena la siasa za kitaifa hapo. Ni mtu anayekuona kila siku ukipita mbele ya nyumba yake, akiiambia serikali kwamba hajapata kukuona. Watafiti wa uchaguzi huliita tatizo la daftari la wapiga kura. Watu wa Konde na Micheweni waliliita kwa majina mengine, nami sitayaandika hapa.

Uchaguzi wa 2000 ulivurugika, ukarudiwa katika majimbo 16 ya Unguja mjini na pembezoni mwake, na CUF ikasusia. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji. Serikali yenyewe ilikiri vifo zaidi ya ishirini; watetezi wa haki za binadamu walihesabu zaidi. Watu wapatao elfu mbili walivuka bahari kwa mashua mpaka Shimoni, Kenya, na Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ikawa nayo imezalisha wake. Muafaka uliotiwa saini 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola ulikuwa umekwishakufa. Wa pili ulisainiwa Oktoba 2001. Nao ulitekelezwa nusu.

Kilichofanya kazi, kwa muda, ni Maridhiano, na ningependa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wakumbuke yalivyoanza, kwa sababu hayakuanzia kwenye warsha. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume alimkaribisha Maalim Seif Ikulu ya Zanzibar. Walizungumza wenyewe, bila mpatanishi wa nje. Kutoka hapo jambo lilikwenda Barazani, na kutoka Barazani likarudishwa kwa wananchi: kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambamo asilimia 66.4 walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Katiba ikarekebishwa. Chama kitakachoshika nafasi ya pili kitatoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na uwaziri utagawanywa kwa uwiano wa viti.

Uchaguzi wa Oktoba mwaka huo ulikuwa mtihani mgumu kuliko unavyokumbukwa. Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1, Maalim Seif asilimia 49.1, tofauti haikufika kura 3,500. Kwa ukubwa wa mpasuko (nalitumia neno hilo nikiwa na shingo upande) tulikuwa karibu palepale pa 1995. Maalim Seif aliyakubali matokeo, akala kiapo cha Makamu wa Kwanza, na visiwa vikalala usingizi. Nilikwenda Wete katika Idi ya mwaka uliofuata. Nilimtuma mtoto wa ndugu yangu sukari, akaenda duka lililo karibu. Wala hakujua kwamba kuna kitu cha kuamua.

Hapa ndipo penye jambo ninalowataka wanafunzi wangu walitazame kwa makini. Kiti cha Makamu wa Kwanza kilichongwa kwa kipimo cha mwili mmoja. Sheria iliandikwa bila kutaja chama, lakini kila aliyeisoma mwaka 2010 aliisoma kama jibu la swali moja: CUF ikishindwa, itakaa wapi? Nilifuatilia mijadala ya kipindi kile, ya Barazani na ya magazetini, na sikusikia swali la upande wa pili likiulizwa kwa uzito: CCM ikiwa ya pili, itakaa wapi? Nani atakabidhi majalada, na kwa utaratibu gani? KMKM, JKU na vikosi vingine vya Idara Maalumu, ambavyo vinamtii Rais wa Zanzibar, vitapokeaje amri ya kwanza ya Rais wa chama kingine? Tangu 1964 madaraka yalikuwa yamehama kutoka mtu mmoja kwenda mwingine ndani ya nyumba moja. Maridhiano yaliifanya nyumba ikaribishe mgeni chumba cha uani. Hakuna aliyejadili mwenye nyumba akilala uani. Na mwenye kutangaza nani alale wapi, yaani Mwenyekiti wa Tume, aliendelea kuteuliwa na Rais, ambaye mara nyingi ni mgombea mwenyewe.

Ndiyo maana tarehe 28 Oktoba 2015 hainishangazi kitaaluma, ingawa ilinishangaza nilipokuwa nimekaa pale. Nilikuwa Unguja, nyumbani kwa mama, Mpendae. Maalim Seif alikuwa amekwishasema, siku moja baada ya kura, kwamba kwa nakala za fomu walizokusanya mawakala wake vituoni alikuwa ameshinda kwa karibu asilimia 53. Tume ilikuwa imetangaza matokeo ya majimbo 31 kati ya 54. Tulikuwa barazani watu saba au wanane, pamoja na muuza kahawa na deli lake, wakati Mwenyekiti Jecha Salim Jecha alipotokea kwenye televisheni ya ZBC. Televisheni ilikuwa ndani. Sisi tulisikia sauti tu. Ilipokwisha hakuna aliyepiga kelele. Mmoja aliuliza, "Kafuta wapi? Jimbo gani?" Mwingine akamjibu, "Kafuta wote."

Kisha nikaliona jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu yale maziko ya 1996. Macho yalianza kuzunguka baraza yakimtafuta asiyehuzunika. Miaka mitano ya kunywa kahawa pamoja, na ilichukua chini ya dakika moja. Muuza kahawa alikusanya vikombe vyake, vingine bado vina kahawa, akaondoka bila kudai pesa.

Mwenyekiti alitoa sababu: wajumbe wa Tume waliogombana, mawakala waliofukuzwa, vituo vya Pemba vilivyodaiwa kuwa na kura nyingi kuliko wapiga kura. Baadhi ya wajumbe wake walisema hawakushirikishwa, na wanasheria wengi wakasema hawakioni kifungu kinachompa Mwenyekiti uwezo wa kufuta uchaguzi mzima. Lakini somo lenyewe limo katika karatasi. Mpiga kura wa Zanzibar siku ile alipewa karatasi tano: Rais wa Muungano, Mbunge, Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani. Alisimama foleni moja, akachovya kidole kimoja. Karatasi tatu zilikuwa za ZEC na zikafutwa. Mbili zilikuwa za Tume ya Taifa, zikahesabiwa, na tarehe 29 Oktoba Dk. John Magufuli akatangazwa Rais wa Jamhuri ya Muungano, kura za Zanzibar zikiwemo. Mtu mmoja, kituo kimoja, saa ileile: kidole chake kilikuwa halali kwa karatasi mbili na batili kwa tatu. Nimefundisha mantiki ya taasisi kwa miaka mingi na sijapata mfano ulio mfupi kuliko huo.

Ikafuata miezi ambayo nadhani haijaandikwa vya kutosha. Dk. Shein alikuwa ameapishwa tarehe 3 Novemba 2010. Miaka mitano ikatimia. CUF ikasema muda umekwisha. Serikali ikasema Katiba inamwacha Rais madarakani mpaka anayefuata ale kiapo. Mazungumzo ya Ikulu, ambamo walikuwamo marais wastaafu, yaliendelea mpaka Januari bila kuzaa kitu. Rafiki yangu mmoja alikuwa ofisa katika wizara ambayo sitaitaja. Aliniambia kwamba majalada yalikuwa yakipanda ghorofa na kushuka bila saini. Hakuna aliyewaagiza wagome. Kila mmoja alikuwa akijiuliza kimoyomoyo, saini yake itasomwa na nani mwezi ujao, na itachukuliwa kuwa ya utii au ya usaliti. Barua za likizo zilisainiwa. Barua za ajira hazikusainiwa. Wanaharakati huzoea kuutafuta mgawanyiko barabarani, penye mabomu ya machozi. Nawaomba wautafute pia kwenye trei ya barua zilizosubiri.

Uchaguzi ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016. CUF ilisusia. Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4, na shirika la Marekani la MCC likasitisha msaada wa zaidi ya dola milioni 470 kwa Tanzania. Kwa miaka minne na zaidi Zanzibar haikuwa na Makamu wa Kwanza wa Rais. Cheo kilibaki kwenye Katiba kama chumba kilichofungwa, ufunguo hauonekani.

Uchaguzi wa Oktoba 2020 nitaupita kwa haraka. Dk. Hussein Mwinyi alitangazwa kwa asilimia 76.27, na Maalim Seif, safari hii kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, kwa asilimia 19.87. Chama chake kilisema watu wake waliuawa Pemba kabla ya kura. Hata hivyo, mwezi wa Desemba Maalim Seif aliingia tena katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Vijana wengi walimlaumu, baadhi yao wakiwa wanafunzi wangu, na walikuja ofisini wakinitaka niwaambie kwamba mzee amewauza. Sikuwaambia hivyo. Niliwaambia wamuulize mama yeyote wa Pemba aliyelea watoto kati ya 1995 na 2009 kama miaka ile angependa irudi. Tarehe 17 Februari 2021 Maalim Seif alifariki, akazikwa kwao Mtambwe. Othman Masoud Othman akakalia nafasi yake mwaka huohuo. Kiti kikapata mtu tena, na kwa mara ya pili mtu huyo alitoka upande uleule.

Nilisema mama yangu ni wa Kaskazini Unguja. Kaka yake, mjomba wangu, ni CCM tangu ujana, na ni mtu mwema kupita wengi ninaowajua. Baba yao alikuwa mkulima asiye na ardhi, akilima chini ya minazi ya mtu mwingine kwa hisani ya mwenye minazi. Baada ya Mapinduzi alipewa eka tatu. Kwa mjomba, uchaguzi wowote una swali moja ndani yake, nalo ni kama zile eka zitabaki. Ukimwambia hakuna chama kilichotangaza kuzichukua, atakuuliza nani alimtangazia baba yake kwamba hazikuwa zake tangu mwanzo. Wasomi wa upande wetu huicheka hofu hii na kuiita propaganda. Imetumiwa kama propaganda, hilo ni kweli. Lakini mwenye kuihisi haihisi kama propaganda, na hata siku moja hakuna aliyekwenda kumuuliza inahitaji nini ili itulie.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwangalia. Tulikuwa tumekaa nje, chini ya mwembe, naye akimenya chungwa kwa kisu chake kidogo.

"Mjomba," nikamwambia, "tuseme siku moja nyinyi ndio wa pili. Mmehesabiwa, mmeonekana wa pili, hakuna ubishi. Ungetaka nini?"

Alicheka. "Wa pili kwa nani, mwanangu?"

"Kwa yeyote. Tuseme tu."

Alimaliza kulimenya lile chungwa, akalikata, akanipa kipande. Kisha akaanza kuhesabu, polepole, na nilipoona hatanii nikatoa daftari. Eka tatu zibaki, na ile hati ya babu yako, hata ikiwa imechakaa, itambuliwe. Kijana wangu aliye KMKM asifukuzwe kwa sababu ya baba yake. Kiinua mgongo changu cha ualimu nilishakila, lakini pensheni isikatwe. Tarehe 12 Januari iendelee kuadhimishwa. Maskani yetu isibomolewe usiku. Alinyamaza kidogo, akaongeza: mtu asiniite jina la kunitukania babu.

Aliniuliza orodha hiyo ninaipeleka wapi. Nilimwambia ukweli, kwamba siijui ofisi inayoipokea. Alitikisa kichwa kama mtu aliyetazamia jibu hilo. Nilikwishaaga, nimeshafika kwenye njia ya miguu, aliponiita kwa sauti kubwa kutoka chini ya mwembe kwamba kuna kitu amekisahau: kisima kilichomo ndani ya zile eka nacho nikiandike.